Kutoka mpagazi wa Bagamoyo hadi bodaboda wa Buza: mvua ikinyesha, hasara ya nani?

Mkazi_wa_Buza (mleta uzi) #1

Wakuu, habari za jioni.

Uzi mrefu, mwenye haraka apite. Umeanzia mezani kwangu Jumamosi iliyopita, umeme umekatika, mshumaa unawaka. Binti yangu kaingia kidato cha kwanza mwaka huu na alikuwa na kazi ya Historia: mifumo ya uzalishaji mali Afrika kabla ya ukoloni. Mteremko. Nikamwaga kama nilivyokaririshwa mwaka 1996: ujima, utumwa, ukabaila, halafu ubepari unakuja na meli. Nikatilia mifano ya ukabaila wetu, nyarubanja ya Wahaya, ubugabire wa Waha na umwinyi wa huku pwani, ajue baba naye aliwahi kukaa darasani. Kaandika, kafunga daftari, kaniuliza: "Sasa baba, Side yuko mfumo gani?"

Side ndiye anayeendesha pikipiki yangu. Nusu saa kabla ya swali hilo alikuwa getini kuleta hesabu.

Niseme mkataba wetu ulivyo, nisije nikajifanya malaika humu. Pikipiki niliinunua 2,700,000 pamoja na usajili na bima ndogo. Side analeta 10,000 kwa siku, siku 6 za wiki, miezi 13, kisha chombo kinakuwa chake. Wenye vikokotoo mmeshapata: siku 338, milioni tatu laki tatu na themanini. Mafuta yake, oili yake, tairi yake, trafiki wake. Ikiibiwa katikati tunakwenda polisi wote wawili, ila deni anabaki nalo yeye. Mikataba ya mji huu ndivyo ilivyo, wala wangu si mbaya kuliko ya wengine.

Jioni ile ilikuwa masika ya kweli. Njia ya Kwa Mpalange imegeuka mto. Side kaja kalowa chapachapa, akawasha tochi ya simu akaibana kwa meno, akapanga pesa juu ya tanki la pikipiki: elfu tano moja imelowa mpaka sura haionekani, elfu mbili, chuma cha mia tano, cha mia mbili, cha mia. 7,800. "Bosi, leo tumekaa kijiweni tangu asubuhi, abiria hakuna. Hii mia nane nimeitoa kwenye ya kula." Nikapokea. Nikamwambia ile 2,200 ataijazia kesho. Nikarudi ndani kumfundisha mtoto ukabaila.

Usiku sikupata usingizi, nikawa nayageuzageuza maneno tunayoyatumia kila siku.

Chukueni posho. Leo posho ni bahasha ya semina. Karne ya 19 ilikuwa chakula cha mpagazi, au kitambaa cha kubadilishia chakula njiani. Hongo nayo ilikuwa ushuru wa mchana kweupe ambao msafara unamlipa mtemi ili upite kwenye nchi yake. Hakuna aliyejificha nyuma ya gari kuipokea. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kilo 30 na zaidi begani, Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, vitambaa na shanga vikipanda, pembe za ndovu zikishuka. Ile ilikuwa kazi ya ujira, ya mapatano, na wenyewe walijua thamani yao: wakionewa wanatua mizigo wanagoma, au asubuhi tajiri anaamka hakuna mtu. Sasa tazameni. Msafara ukikwama Ugogo kwa mvua au kwa ubishi wa hongo, siku zinakwenda na posho inakwenda, anayeumia ni mwenye mali. Side akikwama Kwa Mpalange, posho yake imekwenda na maji na hesabu yangu iko palepale.

Reli ya Wajerumani ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Miaka saba tu, kazi ya vizazi kwenye njia ile ikaisha. Kisha Vita ya Kwanza ya Dunia ikawarudisha watu kwenye mizigo kwa lazima, na pale Waingereza walipoweka kambi ya wapagazi wao wa jeshi ndipo tunapokwenda kununua vitenge leo. Kariakoo ni Carrier Corps iliyopita kwenye ulimi wa Mswahili.

Neno lililoninyima usingizi hasa ni kibarua. Ni barua ndogo. Unguja na mwambao huu, watumwa wa mjini walikuwa wanatolewa na mabwana zao wakafanye kazi za kutwa kwa watu wengine, wanapewa kikaratasi cha kuhesabia siku. Ujira ukitoka, sehemu yake, mara nyingi nusu, inakwenda kwa bwana. Anakuja nayo jioni. Nilipofika hapo nikaliona geti langu.

Waingereza walifuta utumwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Kufikia hapo njia nyingine ya kumtoa mtu shambani kwake ilikuwa imeshapatikana, nayo ni kodi. Mjerumani alianza kukusanya kodi ya nyumba 1898, rupia 3, na rupia haichimbwi chini ya mhogo. Utaipata wapi? Kwenye mkonge. Watu wakatoka Kigoma, Songea, Singida kwenda Tanga na Morogoro, wakipewa namba, wakaitwa manamba. Huko kuna kipande: kadi ya siku 30, na siku ambayo hukumaliza eneo ulilopimiwa haitiwi alama. Umeumwa, haitiwi alama. Unaweza kukaa mwezi na nusu ukitafuta siku 30.

Halafu ikaja hii tunayoiita ajira, ambayo wazee wetu wanaililia. Makuli wa bandari yetu waligoma 1947, mgomo ukapanda na reli hadi bara. Ukaja uhuru, akiba ya wafanyakazi mwaka 1964, Azimio la Arusha Februari 5, 1967, viwanda vikafunguliwa. Mtu akiumwa analipwa. Mashine ikilala analipwa. Akizeeka analipwa. Hesabuni kuanzia mgomo ule mpaka 1992 mashirika ya umma yalipoanza kuandaliwa kuuzwa: miaka 45. Umri wa mtu mmoja, karibu sawa na wangu.

Kwa hiyo, wakuu, mimi ile ngazi ya darasani imeanza kunitia shaka. Zana zinabadilika kweli, bega limekuwa reli na reli imezaa pikipiki. Lakini mkinipa kipimo kimoja tu cha kupimia mfumo wa kazi, nitauliza siku mbaya inalipwa na nani. Kwa kipimo hicho tulipanda kidogo, tukashuka, na mimi ni mmoja wa walioshuka na kijana wa watu mkononi.

Binti bado hajajibiwa. Nisaidieni.

Karanga_za_Kuchoma #2

Nimekaa paleee. Ngoja waje wajuvi.

Mstaafu_Tandika #3

Wanangu, salaam. Anayeandika ni mjukuu, mimi nasema tu, macho hayana nguvu.

Nilitoka Rufiji 1974, mwaka uliofuata nikaingia kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar. Kilichonitesa hakikuwa kazi, kilikuwa king'ora. Kwetu siku inapimwa na mto. Maji yakipanda unasogea juu, yakishuka unapanda mlau kwenye tope lililobaki, na hakuna mtu wa kukuuliza saa. Kiwandani dakika kumi zina bei. Kadi unaichomeka kwenye saa ya mlangoni, inagonga. Ukichelewa inagonga wino mwekundu. Miezi ya mwanzo nililala na viatu.

Kazi yangu ilikuwa kuunga nyuzi. Uzi ukikatika unaushika ncha mbili kwa kidole gumba na cha shahada, unausokota, na mashine haisimami kukungojea. Anayejua anaunga kabla hujapepesa. Vumbi la pamba linakaa kwenye nyusi, ukitoka zamu ya usiku watoto wanakuamkia kama babu. Lakini mshahara wangu mmoja ulikuwa unalisha watu kumi na mmoja. Nikiugua naandikiwa mapumziko na silali na njaa. Msimamizi akikutukana, wenzangu waliotangulia wanamsomea kifungu cha 15 cha Mwongozo wa TANU wa 1971, kile kinachomkataza kiongozi majivuno na uonevu. Wengine walikuwa hawajui kusoma ila kifungu hicho walikijua kwa moyo.

Sasa nikurekebishe, mleta uzi. Unasema siku mbaya ilikuwa inalipwa na mwajiri. Miaka ya 80 mwanzoni spea hakuna, rangi hakuna, umeme wa kubahatisha. Tulikuwa tunakuja kufuta mashine zilizolala, na mwisho wa mwezi tunapanga mstari dirishani tunalipwa. Ile hasara ilikwenda wapi? Ilikwenda kwa mkulima wa pamba Usukumani. Vyama vyao vya ushirika vilivunjwa 1976, wakawa wanauzia mamlaka, pamba inachukuliwa leo na pesa wanaingoja. Mimi nililipwa kwa sababu yeye hajalipwa. Halafu ikaturudia na sisi kwenye foleni ya sabuni. Una pesa mfukoni, unanunua foleni.

Na jambo jingine. Mwaka 1983 ilikuja kampeni ya Nguvu Kazi. Kitambulisho cha kazi kinakaa mfuko wa shati mchana na usiku, maana asiye nacho anapandishwa lori arudi kijijini akalime. Mwaka huohuo serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi mjini. Nauli shilingi tano, yaani dala, ndiyo hilo jina la daladala mnalolitaja. Mkono huu unamkamata asiye na ajira, mkono ule unampa kibali mwenye basi atakayemwajiri kwa siku. Sisi tulicheka wakati ule. Hatukujua kwamba kilichokuwa kinaondoka ni sisi.

Nilipunguzwa 1994. Kwa kiinua mgongo nilinunua cherehani mbili. Moja naishonea mpaka leo.

Deiwaka_OG #4

Shikamoo mzee. Hilo la dala nilikuwa nalisikia tu.

Niongeze neno kwenye kamusi ya mleta uzi: deiwaka. Dereva mwenye gari lake la kudumu akitaka kupumzika anakuachia mizunguko miwili, mitatu. Hesabu ya tajiri unatafuta wewe, mafuta unaweka wewe, na kinachobaki mnagawana na kondakta na yule aliyelala kwake. Nimefanya miaka sita njia ya Gongo la Mboto. Tajiri wa lile gari sijawahi kumuona hata kivuli. Manamba angalau alikuwa na namba.

Mwl_Kimara #5

Mleta uzi, binti yako apewe zawadi. Mimi nafundisha somo hilo, nikiri kwamba hata sisi tunaifundisha mifumo ile kama vituo vya basi: ukishuka ujima umeshauacha. Haiko hivyo. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi bado wapo wanaowinda, kuchimba mizizi na kurina asali, na wengine wao wana simu. Na usidhani kazi za utaalamu zilikuja na mkoloni. Kagera walikuwa wanayeyusha chuma miaka 2,000 iliyopita, na chumvi ya Uvinza imechemshwa zaidi ya miaka 1,000 ikiuzwa mbali. Mfua chuma yule halimi kutwa, analishwa na wanaolima. Huo ndio mgawanyo wa kazi, bila kiwanda.

Ila kuna ukurasa wa Uingereza ambao unakufaa zaidi kuliko nyarubanja. Kabla ya viwanda, mfumaji wa kule alikuwa anafanya kazi nyumbani kwake. Mfanyabiashara anamletea uzi, anarudi kuchukua kitambaa, analipa kwa kipande. Kitanda cha kufumia mara nyingi ni cha mfumaji mwenyewe au kakikodi. Baridi ikimshika, haifumwi, hailipwi. Huyo si Side huyo? Mwaka 1771 Richard Arkwright akaanzisha kinu cha kusokota uzi cha Cromford kinachozungushwa na maji, watu wakaingizwa chini ya paa moja na kengele. Na msidhani walikimbilia kwa furaha. Wengi walikiona kiwanda kama gereza, na wanawake na watoto ndio waliojazwa humo. Bunge lilichukua mpaka 1847 kuweka ukomo wa saa 10 kwa wanawake na vijana. Miaka 76 toka Cromford. Kile mzee wetu wa Tandika alichokikuta 1975, cha kuugua ukalipwa, hakikuja chenyewe kwa sababu jamii "imeendelea". Watu waligoma, wakafungwa, wakapiga kura.

Tatizo letu liko hapa. Uingereza leo wanaolima ni kama mtu mmoja katika kila mia. Sisi karibu theluthi mbili ya wafanyakazi wako kwenye kilimo, na kilimo chote kinatoa kama robo tu ya pato la taifa. Kwa hiyo mtu akitoka shambani ana haki ya kutoka. Arthur Lewis, mchumi aliyezaliwa Saint Lucia, alieleza mwaka 1954 kwamba nguvu kazi iliyozidi shambani itavutwa na sekta ya kisasa mpaka iishe, kisha ujira utaanza kupanda. Alipata Tuzo ya Nobel 1979. Nusu ya maelezo yake tumeyatimiza. Dar ilikuwa na watu laki mbili na sabini hivi sensa ya 1967, na sensa ya 2022 imetukuta 5,383,728. Kutoka tumetoka. Ila hatukuingia kiwandani, tumeingia kijiweni. Mashine za leo hazihitaji mikono mingi kama zile za mzee, na kitenge kinachoshushwa Kariakoo kimeshafumwa mbali huko kwa bei ambayo huwezi kuigusa.

Kuhusu ukabaila: mtwarwa wa nyarubanja, yaani mpangaji, alilima ardhi ya mtwazi, mwenye ardhi, na akampa sehemu ya mazao, na ardhi haikuwa yake hata afanye nini. Side wako miezi 13 ikiisha ana chombo. Usijipige sana.

Kiroba_cha_Ukweli #6

Naona watu wanalia tu. Ngoja niweke upande wa pili.

Nimekuwa mlinzi kwenye kampuni moja ya ulinzi miaka minne. Mkataba upo, sare ipo, mshahara 150,000 na unachelewa wiki mbili, saa 12 umesimama, ukisinzia unakatwa. Hiyo mnayoiita ajira. Nikahamia boda. Siku mbaya nabaki na 4,000, siku nzuri 20,000, mwanangu akiumwa nazima chombo nakwenda hospitali bila kuomba ruhusa ya mtu. Mniache na mvua yangu. Mzee wangu wa Rufiji alikuwa na mto, si king'ora, na nyinyi mnasema king'ora ndiyo maendeleo?

Mtu aliyekuwa analima ufuta Liwale akija kuuza miwani Posta kipato chake kimepanda hata kama analala chumba kimoja na wenzake wanne. Muulizeni kama atarudi.

Bint_Mbagala #7

Kaka zangu mmeongea wee, wapagazi, makuli, manamba, deiwaka, wote wanaume. Aliyewapikia ni nani? Wanawake wa Kinyamwezi walikuwemo kwenye misafara ile, na vyungu vyao na watoto mgongoni. Na mtu wa mkonge aliyeondoka Kigoma, shamba lake nani alilima miaka miwili asiyokuwepo? Ndiyo maana tajiri aliweza kumlipa kidogo: mke na watoto hawakuwa kwenye hesabu.

Mimi mama ntilie, napika kwenye majengo yanayojengwa. Niwape mvua yangu mimi. Siku ya mvua zege halimwagwi, vibarua hawaji. Lakini mimi nimeamka saa 9 usiku, maharage yameshaiva, mchele kilo 12 umeshaoshwa, na mvua imeanza saa 12. Wachache waliokuja wanakula kwa daftari. "Mama andika." Naandika. Jioni mwenye mkopo wa kausha damu hajui mvua, anataka chake au anabeba jiko. Kinachoniokoa ni mchezo wetu wa wanawake kumi na mbili, elfu tano kila siku mbili, na tuna sheria: mwenye msiba, mgonjwa au mvua kubwa anarukwa zamu hiyo bila kusemwa. Hiyo sheria hatukuisoma popote.

Na nyumbani nimemwacha dada wa kazi ndiyo nikaweza kuja huku. Side ana bosi, na mimi nina dada. Sijui tumuweke mfumo gani, na mshahara wake nikisema hapa mtanipiga mawe.

Simu_Ndo_Bosi #8

Dada hapo umetupiga wote.

Mimi naendesha gari la kuitwa kwa simu. Tajiri nina wawili: mwenye gari anataka hesabu ya wiki, na programu inakata asilimia yake kila safari kabla sijaigusa pesa. Mwezi wa pili abiria mmoja alilalamika, akaunti ikafungwa siku tisa. Nikaandika kueleza, nikajibiwa na mashine: "Tunathamini mchango wako." Mkuu, mpagazi angalau alikuwa na mtu wa kumtulia mzigo mbele. Mimi nimtulie nani, simu?

Debe_la_Mbezi #9

Kuhusu reli iliyoua wapagazi, mimi naishuhudia ya pili. Napiga debe pale stendi ya Mbezi. Treni ya umeme ilianza Morogoro Juni 2024, na Agosti ikazinduliwa hadi Dodoma. Sauti yangu ya "Moro Moro Moro" niliyoilea miaka kumi na moja imekosa kazi asubuhi. Abiria wa Moro ninaowapata sasa ni wenye mizigo ya ajabu, majogoo na magodoro.

Ila mdogo wangu kahamia Moro, anaegesha bajaji nje ya stesheni. Treni ikishusha tu anajaza. Kwa hiyo sina hakika nilie au nicheke. Mwl_Kimara, hii nayo ina jina kwenye kitabu?

Mwl_Kimara #10

Ina majina mengi, mkuu, ila hakuna linalolipa kodi ya nyumba. Kaa karibu na mdogo wako.

Karanga_za_Kuchoma #11

Karanga zimeisha. Naomba kuuliza tu: mleta uzi, kwa nini usimuulize Side mwenyewe?

Mkazi_wa_Buza (mleta uzi) #12

Wakuu, asanteni. Mzee wa Tandika, shikamoo, ile ya mkulima wa pamba imenikaa. Bint_Mbagala, nimekusoma mara tatu, na sheria ya mchezo wenu nimeiiba kama mtakavyoona.

Karanga kaniuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa tangu mwanzo. Basi jana usiku Side alipoleta hesabu nilimkaribisha ndani, nikamwekea chai. Aliogopa, akadhani nataka kumnyang'anya chombo. Nikamwuliza angependa mshahara wa mwezi, mvua iwe yangu. Nilitegemea atafurahi. Akacheka. "Bosi, mshahara utanipa wewe laki mbili, halafu pikipiki itabaki yako mpaka ife. Mimi nataka chombo." Kiroba_cha_Ukweli, chukua pointi yako.

Nikamwambia basi tuifanye hivi: siku ya mvua kubwa hesabu isiletwe, isiandikwe deni, isogezwe mwisho wa mkataba. Miezi 13 inaweza kuwa 14, chombo ni chake vilevile. Hiyo aliikubali kabla sijamaliza kusema. Nani ataamua mvua kubwa ni ipi, tukabishana kama robo saa. Tumekubaliana: njia ya Kwa Mpalange ikipita maji, ni mvua kubwa. Nitaona kwa macho yangu, nakaa mita mia mbili.

Wakati anaaga ndiyo akaniambia jambo ambalo miezi saba sikulijua. Usiku kuanzia saa 3 pikipiki haiendeshi yeye. Anampa kijana mwingine wa Kwa Limboa, ana miaka 19, katoka Kilosa mwaka jana. Analeta 4,000 alfajiri. Ndiyo maana Side siku nyingi anatimiza. Yaani Side naye ana Side.

Binti kasikia kutoka chumbani. Mnajua alichouliza.

Mstaafu_Tandika #13

Mjukuu ananisomea hapa. Mwanangu, huyo wa usiku, mvua ikinyesha analeta ngapi?

Mkazi_wa_Buza (mleta uzi) #14

Nimempigia Side sasa hivi, mzee. Kasema analeta ileile.